Kijana wa darasa la 7 aliyefukuzwa kila alipotaka kufukuzwa

Mwanafunzi ana miaka 13 na yuko darasa la 7 katika shule ya kati nchini Marekani, ngazi inayobeba darasa la 6 hadi la 8. Muhula wa kwanza haujaisha na tayari faili lake lina fomu 14 za nidhamu. Amesimamishwa masomo mara tatu, jumla siku 8. Makosa ni yale yale: kumjibu mwalimu kwa ufedhuli, kutupa daftari la jirani, kuimba wenzake wakiwa wamenyamaza, na mara moja kupindua dawati. Tangu darasa la 3 anatambuliwa rasmi kuwa na ulemavu mahususi wa kujifunza upande wa kusoma, kwa hiyo ana Mpango wa Elimu Binafsi, yaani hati ya kisheria inayoandika malengo yake na msaada ambao shule inapaswa kumpa. Msimamizi wa mpango huo ni mwalimu wa elimu maalumu aliye katika mwaka wake wa pili kazini, mwenye wanafunzi 19 wa namna hiyo.

Kijana huyu na walimu wake nimewaunda kutokana na mambo yanayojirudia katika shule nyingi, ili niyachambue bila kumwanika mtoto wa mtu. Sheria, utafiti na historia ninavyovitaja ni vya kweli.

Mkuu msaidizi anayesimamia nidhamu alimwita mwalimu ofisini akamwambia maneno ambayo kila aliyefanya kazi hii ameyasikia: "Huyu ni wako. Fanya kitu kabla hatujafika siku 10."

Siku 10 hizo zina historia. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu ya mwaka 1975, ambayo tangu 1990 inajulikana kwa ufupisho wa IDEA, ilitungwa kwa sababu shule zilikuwa na mazoea ya kuwafungia nje watoto zisizotaka kuhangaika nao. Mwaka 1988, katika kesi ya Honig dhidi ya Doe, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuziachia shule uamuzi wa kumtimua peke yao mwanafunzi ambaye vurugu zake zinatokana na ulemavu. Leo, adhabu ikizidi siku 10 za shule mfululizo, au vipande vya adhabu vinavyofanana jumla yake ikizidi siku 10 kwa mwaka, inahesabiwa kwamba mtoto amehamishwa mahali pake pa kusomea. Hapo shule lazima ikae na mzazi na kujiuliza mambo mawili: je, kosa limetokana na ulemavu? Au limetokana na shule yenyewe kutotekeleza mpango wa mtoto? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, adhabu ya aina hiyo kwa kawaida haiendelei, na shule inapaswa kuichunguza tabia hiyo kwa utaratibu.

Mkuu msaidizi alitaka kuliepuka swali la pili, na nadhani alijua kwa nini.

Walimu wa masomo walikuwa na maelezo yao tayari. Mmoja alisema ni umri, mwingine akasema ni malezi. Wa tatu alisema kijana ni mjanja, anajua ana mpango kwa hiyo anajua hatafanywa kitu. Maelezo haya hayana faida hata yakiwa na chembe ya ukweli, maana hakuna hata moja linalomwambia mwalimu afanye nini kesho saa tatu asubuhi.

Kabla ya kuongea na kijana, mwalimu wa elimu maalumu alizipanga zile fomu 14 kwa saa na somo. Kazi ya nusu saa, na inashangaza ni mara ngapi haifanywi. Fomu 9 zilitoka somo la maarifa ya jamii, 4 sayansi, 1 mkahawa wa shule. Hesabu hakuna, bendi hakuna, michezo hakuna. Mtoto mwenye malezi mabaya angekuwa nayo hata kwenye hesabu. Na karibu zote ziliandikwa katika robo ya kwanza ya kipindi.

Hatua ya pili ilikuwa kwenda kukaa darasani na karatasi ya safu tatu: kilichotangulia, tabia, kilichofuata. Safu ya katikati ndiyo inayovuta macho ya watu wote, lakini habari imo katika zile mbili za pembeni. Maarifa ya jamii lilianza kwa kusoma kitabu kwa zamu, kila mmoja aya moja, safu kwa safu. Kijana alikuwa akihesabu vichwa, kisha anahesabu aya. Zamu ilipobakiza wanafunzi wawili au watatu, alianza: kwanza penseli inadondoka, kisha utani kwa jirani, kisha, mwalimu akimwonya, jibu la ufedhuli. Alitolewa. Kwa mkuu msaidizi kulikuwa na kiti, kimya, na mtu mzima aliyezungumza naye kwa dakika kadhaa kuhusu mpira wa kikapu. Aliporudi, kusoma kulikuwa kumekwisha. Katika sayansi hali ilikuwa hiyo hiyo, ila zamu pale ilikuwa ya kusoma maelekezo ya maabara.

Basi adhabu ilikuwa malipo. Kila fomu iliyoandikwa ilimfundisha kijana kwamba njia yake inafanya kazi, na walimu nao walifundishwa vivyo hivyo, kwa sababu akitoka darasa linatulia. Pande zote mbili zilipata zilichotaka kwa dakika 30, na ndiyo maana jambo kama hili linaweza kwenda miaka miwili bila mtu kulikatiza. Wanaosema watoto hawa hawajifunzi waangalie hapa: huyu alijifunza haraka na kwa usahihi mkubwa.

Ilibaki kujua anachokikimbia ni kikubwa kiasi gani. Mwalimu alimpa kifungu cha kiwango cha darasa la 7 asome kwa sauti kwa dakika moja, wakiwa wawili tu. Alisoma maneno 64 kwa usahihi. Kwa viwango vya kasi ya kusoma vya Hasbrouck na Tindal vya mwaka 2006, vilivyotumika sana katika shule za huko, mwanafunzi wa katikati wa darasa la 7 husoma karibu 130 mwanzoni mwa mwaka na karibu 150 mwishoni. Maneno mafupi aliyamudu. Yaliyomwangusha ni yale ya silabi nne na tano, yenye mizizi na viambishi vya Kilatini na Kigiriki, na vitabu vya maarifa ya jamii na sayansi kuanzia darasa la 6 vimejaa hayo. Alikuwa akisoma silabi ya kwanza na kukisia zilizobaki. Maswali 10 ya kifungu alichosoma mwenyewe alipata 3. Kisha mwalimu akamsomea kifungu kingine cha kiwango hicho hicho, akapata 9.

Tofauti hiyo ya 3 na 9 ina uzito kuliko faili zima. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili, kufumbua maandishi, yaani kugeuza herufi kuwa maneno, na kuelewa lugha. Walisema ni zao, kwa maana ya kuzidisha: kimoja kikikaribia sifuri, ukubwa wa kile kingine haukuokoi. Kijana huyu uelewa wake wa lugha ulikuwa mzima. Miaka 90 kabla ya hapo, mwaka 1896, daktari W. Pringle Morgan alichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu, mwepesi wa hesabu, asiyeweza kusoma licha ya kufundishwa miaka mingi. Mwalimu wa mvulana yule alikuwa na maoni kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyo ndiye angekuwa kinara wa shule. Ni mojawapo ya maelezo ya kwanza kabisa ya hali tunayoiita leo disleksia. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema jambo hili ni geni kwa walimu.

Sasa tuuangalie mpango wenyewe. Sheria inataka upitiwe angalau mara moja kwa mwaka, na ulipitiwa. Lengo la kusoma lilisema kijana "ataboresha kusoma kwake". Lilisema hivyo darasa la 5, likasema hivyo darasa la 6, neno kwa neno. Msaada ulioandikwa ulikuwa "muda wa ziada". Muda wa ziada kwa mtu asiyeweza kufumbua neno ni muda wa ziada wa kuteseka. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F. dhidi ya wilaya ya shule ya Douglas ya jimbo la Colorado, Mahakama Kuu iliamua kwa kauli moja kwamba mpango lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto, na kwamba maendeleo ya chembe tu hayatoshi. Kesi hiyo nayo ilianza kwa wazazi kuona malengo yale yale yakirudishwa mwaka hadi mwaka. Ukilinganisha na kipimo hicho, mpango wa kijana wetu ulikuwa karatasi.

Wengi wanaoingia kazi hii wakiwa na picha ya mwalimu na mtoto mmoja mezani wanapotea hapa. Kumfundisha mtoto kusoma ni sehemu nyepesi, na nasema hivi nikijua ugumu wake. Shule ya msingi mtoto ana mwalimu mmoja au wawili. Shule ya kati ana sita au saba, kila mmoja na wanafunzi zaidi ya 100 na mtindo wake. Mwalimu wa elimu maalumu hana mamlaka juu ya hata mmoja wao. Ana karatasi ya kisheria na ulimi wake.

Mwalimu wa maarifa ya jamii ana miaka zaidi ya 20 kazini. Anaposomesha kwa zamu hana ukatili: asipofanya hivyo, alisema, nusu ya darasa hawatafungua kitabu kabisa, na yeye hatajua nani yuko wapi. Hoja hii ni ya haki. Msimamizi wa mpango angeweza kuanza na sheria, kwa kuwa inataka kila mwalimu wa mtoto auone mpango na aambiwe majukumu yake. Hakuanza nayo. Alipeleka ile karatasi ya safu tatu, bila kuipachika tabia yoyote jina baya, akauliza mwenzake anaona nini. Wakaichungulia pamoja. Kisha akapendekeza mabadiliko kwa darasa zima: wanafunzi wasome wawili wawili kwa sauti ya chini, anayetaka kusomea wote ajitolee, na mwalimu azunguke kusikiliza. Kwa kijana pekee kulikuwa na nyongeza moja isiyoonekana na wenzake, kwamba kifungu anakipata siku moja kabla, pamoja na rekodi ya kifungu hicho kikisomwa kwa sauti.

Nasisitiza neno darasa zima. Kama angemwondolea zamu kijana peke yake, kwa umri wa miaka 13 ingekuwa kuruka majivu na kukanyaga moto. Darasa lingejua ndani ya siku mbili. Yeye angerudi kutupa madaftari, sasa kwa sababu nyingine.

Kwa sababu hiyo hiyo aliguswa msaidizi wa darasa. Mpango ulimpa kijana msaidizi wa kukaa naye sayansi, na msaidizi, kwa moyo mwema, alikaa ubavuni mwake kipindi kizima. Michael Giangreco na wenzake waliandika mwaka 1997 juu ya wasaidizi wanaowaganda wanafunzi wenye ulemavu, na jinsi ukaribu huo unavyomtenga mtoto na wenzake na hata na mwalimu wa somo. Msaidizi aliombwa ahudumie meza yoyote inayokwama, na amfikie kijana kwa zamu kama wengine. Msaidizi alikuwa na wasiwasi kwamba ataonekana hafanyi kazi yake. Mkuu msaidizi akatakiwa aandike kwamba hiyo ndiyo kazi. Mambo madogo kama barua hiyo hula siku ya mwalimu wa elimu maalumu, na hakuna chuo kinachomtayarisha kwa hayo.

Sayansi haikuwa rahisi hivyo. Mwalimu wake alisema haki ni kumtendea kila mtu sawa, na maelekezo ya maabara lazima kila mmoja asome mwenyewe kwa usalama. Alipewa karatasi ile ile, hakubadilika. Hapo msimamizi alitumia sheria: alimpelekea kwa maandishi majukumu yaliyo katika mpango, nakala kwa mkuu wa shule. Alikuwa sahihi kwa hilo. Ila ningependa angelitumia wiki mbili mapema, kwa sababu katika wiki hizo mbili kijana aliandikiwa fomu nyingine na kusimamishwa siku moja. Ikawa siku 9.

Suala lililoniumiza kichwa zaidi nilipokuwa nakipanga kisa hiki ni ratiba. Kijana alihitaji mafunzo ya kusoma ya moja kwa moja, ya utaratibu: kuvunja maneno marefu, kutambua mizizi na viambishi, kusoma kwa kurudia hadi kasi ije. Dakika 30, mara nne kwa wiki. Zitoke wapi? Ratiba ya shule ya kati imejaa, na nafasi inayoonekana haraka ni kipindi cha hiari. Kwa kijana huyu hicho ni bendi, anakopiga ngoma. Tangu darasa la 6 kila pendekezo lilikuwa limeanzia hapo, na kila mara alikataa kwa njia anazozijua. Wenye hoja ya kumtoa bendi wanasema kusoma ni maisha na ngoma ni starehe. Nawaelewa, ila hawahesabu gharama. Bendi ni mahali pekee katika siku nzima ambapo kijana anaingia akijua anaweza, na somo la kusoma linalolipiwa kwa kumnyang'anya hapo litapata mwili wake tu. Mwalimu alichukua kipindi cha kujisomea, ambacho kwa kijana kilikuwa dakika za kutazama dari. Kilikuwa na dakika 25 tu. Zilitosha.

Aliongea na kijana pia, lakini mwishoni, na kwa ufupi. Hakumlazimisha akiri kwamba anaogopa kusoma. Kijana alisema mwalimu wa maarifa ya jamii hampendi, na maneno hayo yaliachwa yapite. Watu wazima wengi wanapenda ungamo, lakini hapa halikuhitajika, karatasi ilikuwa imeshasema. Alionyeshwa grafu yake ya maneno kwa dakika, akaulizwa angependa kupimwa siku gani ya wiki. Alichagua Alhamisi.

Kwa mama kulikuwa na kazi ya kurekebisha. Alikuwa amepigiwa simu na shule mara nyingi, kila mara kuhusu kosa. Safari hii alipigiwa kuulizwa, na ndipo shule ilipojua kwamba nyumbani mdogo wake wa darasa la 4 ndiye anayemsomea kaka ujumbe mrefu wa simu. Familia ilikuwa inajua siku zote. Hakuna aliyewauliza.

Wiki mbili za kwanza baada ya mabadiliko, mambo yaliharibika. Tabia iliyozoea kulipwa, malipo yakikatwa, inaweza kupanda kabla ya kushuka. Kijana alipoona hatolewi kwa ajili ya penseli, akaongeza hadi kiti. Mwalimu wa maarifa ya jamii alikuwa karibu kuuacha mpango, na hakuuacha kwa sababu alikuwa ameambiwa mapema kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa, na kwamba mtu atafika darasani ndani ya dakika mbili akihitajika. Katika mpango wowote wa tabia, onyo hilo la mapema naliona kuwa na thamani kuliko zawadi na vibandiko vyote. Pia aliwekewa kijana njia halali ya kupata alichokuwa akikitafuta: kadi ya kuomba dakika tatu nje, mara mbili kwa kipindi. Mwanzoni alizitumia zote kila siku. Baadaye akawa anazisahau mfukoni.

Kufikia mwisho wa mwaka, fomu za nidhamu za miezi yote iliyobaki zilikuwa 5, nyingi za sayansi, na mbili kati yake siku ambazo darasa lilikuwa na mwalimu wa muda asiyejua mpango. Hakufika siku ya 10. Kusoma kulipanda kutoka maneno 64 hadi 88 kwa dakika, takriban neno moja kila wiki ya mafunzo. Maswali ya ufahamu kwa kujisomea yalitoka 3 hadi 6.

Hapo ndipo watu hugawanyika. Kwa grafu yake mwenyewe amepanda vizuri. Kwa kiwango cha umri wake, pengo bado ni kubwa, na mwakani atakuwa darasa la 8, mlango wa sekondari ya juu. Kwenye kikao cha kuupitia mpango, wengine walitaka mafunzo ya kusoma yaachwe na kijana ategemee vitabu vya sauti tu, maana muda umekwisha. Wengine walitaka muda uongezwe mara mbili, na bendi ikarudi mezani. Mimi ningekataa yote mawili. Vitabu vya sauti vinampa maarifa ya jamii leo, na uelewa wake wa 9 kati ya 10 unasema anastahili kuyapata bila kusubiri. Havimpi uwezo wa kusoma fomu ya kazi akiwa na miaka 19. Mtoto anayeongeza neno moja kwa wiki baada ya miaka miwili ya kusimama haachishwi. Kikao kiliamua hivyo pia: mafunzo yaendelee mara nne kwa wiki, lengo liwe maneno 110 kufikia mwisho wa darasa la 8, vitabu vya sauti viwepo masomo yote, na kila mwalimu wa muda aachiwe ukurasa mmoja wa maelekezo mezani. Kijana alikuwepo kikaoni kwa dakika 20 za mwisho. Aliuliza kama kadi ya dakika tatu itakuwepo mwakani. Ikaandikwa.

Mwalimu naye aliandika maombi yake kwa mkuu wa shule kabla ya kusaini mkataba wa mwaka wa tatu. Aliomba wanafunzi wasizidi 15, na saa moja kila wiki ya kukaa na walimu wa masomo ndani ya ratiba, isiwe baada ya kengele. Saa alipewa. Wanafunzi walibaki 19.